Land Rover ya zamani yenye kadi ya marehemu: thibitisha haya kabla ya kulipa

Ndugu, umeeleza kwamba umeonyeshwa Land Rover Series III ya familia moja mkoani Kilimanjaro, kwamba kadi yake ya usajili ina jina la baba yao aliyekwisha kufariki, kwamba bado ina namba ya zamani inayoanza na TZ, na kwamba injini iliyomo siyo iliyoandikwa kwenye kadi. Nilinunua gari la aina hiyohiyo mkoani Arusha, nalo likiwa la marehemu, na nakuhakikishia kwamba matatizo yako matatu hayalingani uzito, ingawa wauzaji huyataja kwa pamoja kana kwamba siku moja ya kwenda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) itayamaliza yote.

Zito kuliko yote ni la mtu mwenye mamlaka ya kutia saini. Umiliki huhamishwa kutoka kwa yule ambaye jina lake limo katika usajili, na akiwa amefariki, anayesimama mahali pake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Si mjane, si mtoto mkubwa, wala si ukoo uliokaa kikao na kuandika muhtasari. Muhtasari huo husaidia kumpendekeza msimamizi, lakini hauwezi kuuza gari. Omba uone cheti cha kifo, hati ya uteuzi wa msimamizi, na orodha ya mali iliyowasilishwa mahakamani, kisha uangalie kama gari limetajwa humo.

Nasisitiza hilo la orodha kwa sababu katika ununuzi wangu mirathi ilikuwa imefungwa miaka mingi kabla, nyumba na mashamba yakiwa yamegawanywa, ilhali gari halikutajwa popote. Lilikuwa limepandishwa juu ya matofali bandani na hakuna aliyelihesabu kuwa mali. Familia iliamini kwa nia njema kabisa kwamba kaka yao aliyekuwa msimamizi bado anaweza kuuza. Wakili ndiye aliyetushauri turudi katika mahakama ileile iliyoshughulikia mirathi tukaombe maelekezo kuhusu mali iliyosahauliwa, na warithi wote wakaandika ridhaa zao. Ilichukua muda mrefu, lakini leo hakuna mpwa wala shangazi anayeweza kuja kudai kwamba gari la mzee liliuzwa bila yeye kujua.

Uliza pia kama marehemu hakuwahi kuliuza mwenyewe akiwa hai, kwa maana magari mengi ya enzi zile yaliuzwa kwa kuandikiana karatasi mbele ya mashahidi bila kubadilisha kadi, na mnunuzi wa wakati huo, au watoto wake, wanaweza kuwa na haki iliyotangulia yako.

Namba ya TZ hainitishi. Maana yake ni kwamba gari halikubadilishiwa namba wakati wa kuhamia mfumo wa sasa wa T na herufi tatu mwishoni. Mwombe muuzaji afike TRA na kadi halisi ili kumbukumbu zitafutwe, na kama kuna deni lijulikane mapema; ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, hivyo angalau hilo haliongezeki tena. Ila kama gari liliwahi kuwa la mradi wa wafadhili, lenye namba za DFP, au la ubalozi, hakikisha kodi iliyosamehewa wakati wa kuingizwa ililipwa lilipouzwa kwa mtu asiye na msamaha.

Injini iliyobadilishwa ni jambo la kawaida sana kwa magari haya. Dai hati ya mahali injini ilikotoka, gari likaguliwe na polisi, na kadi irekebishwe kabla ya uhamisho.

Chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ndiyo isiyosamehewa. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikwa. Kuna pia kibati chenye namba ndani ya gari, lakini kibati kimefungwa kwa ribiti na huweza kuhamishwa kutoka gari moja kwenda jingine, hivyo usikiamini peke yake. Nenda na brashi ya waya, ondoa rangi na kutu taratibu, upige picha. Sehemu hiyo huoza sana, na mafundi huikata na kuchomelea kiraka bila kujali kwamba wanaondoa utambulisho wa gari. Ukikuta kiraka, au tarakimu zisizolingana kwa ukubwa na mstari, usiendelee hata kama bei inavutia. Namba ikisomeka, jumba la makumbusho ya magari la British Motor Museum lililoko Gaydon, Uingereza, hutoa kwa malipo cheti kinachoonyesha tarehe ya kutengenezwa na namba ya injini ya awali.

Kuhusu malipo, fedha yangu ilikaa kwa wakili chini ya mkataba ulioeleza kwamba familia italipwa kadi itakapotoka kwa jina langu, na kwamba gharama za mahakama ni za muuzaji. Ukikataliwa masharti hayo, usitoe hata kishika uchumba. Anza na chasisi, kisha utuandikie hapa uteuzi wa msimamizi ulifanywa na mahakama gani na kama jalada lake bado liko wazi.