Maswali ya Wasomaji: Kujaza Mizinga Bila Kuichafua

SWALI: Kwako Mhariri, mimi na ndugu yangu mdogo hucheza Puzzle Pirates, mchezo wa kompyuta wa maharamia wa baharini, jioni katika saiba moja karibu na Kondele, hapa Kisumu. Mara nyingi mimi hupewa kazi ya kujaza mizinga ya kufyatulia adui. Ubaoni kuna mizinga minne, na vipande hupita huku na huku: baruti, tambara, tufe la chuma na ndoo ya maji. Hutakiwa kuweka mishale ili kila kipande kigeuke na kuingia katika mzinga unaokihitaji, baruti kwanza, kisha tambara, kisha tufe. Huanza vizuri, lakini baada ya muda mfupi mizinga miwili au mitatu huwa imechafuka, yaani imeingiwa na kipande kisicho zamu yake na sasa inadai ndoo ya maji, na vita vinapopamba moto nahodha hana cha kufyatua. Je, ni mikono yangu iliyo mizito, au ni kompyuta za saiba zilizochakaa?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, usiilaumu kompyuta. Mchezo huu ulitolewa mwaka 2003 na kampuni ya Three Rings Design ya San Francisco, na picha zake ni nyepesi. Mikono yako nayo sidhani ina kasoro. Nadhani kosa liko machoni, kwa maana kwamba unakitazama kipande kinachokuja badala ya kuutazama mzinga unaongoja.

Mtazame askari wa trafiki anayeongoza magari kwenye mzunguko wakati wa jioni. Hakimbilii kila gari linalotokea. Anajua ni njia ipi iliyo wazi, na mkono wake huwa umekwisha kuinuliwa kabla dereva hajafika. Nawe kabla ya kugusa mshale wowote, pitisha macho kwenye mizinga yote minne na ujiambie kimoyomoyo kila mmoja unataka nini: huu baruti, huu tambara, huu tufe, huu maji. Ukishajua hayo, kipande chochote kitakachotokea utakuwa umekwisha kukiandalia mahali.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Wachezaji wengi hujaza mizinga sambamba, yaani hutia baruti katika yote minne, ndipo watafute matambara manne. Mpango huo unapendeza machoni, lakini ni wa hatari, kwa kuwa mizinga yote ikiwa inangoja tambara, kila baruti na kila tufe linalopita huwa adui, na ubao mzima hujaa vitu visivyo na pa kwenda ambavyo mwishowe hujipenyeza mahali pabaya. Iache mizinga ipishane hatua. Maliza mmoja mapema, mwingine uwe kwenye tambara, mwingine ndio kwanza umepata baruti, na hapo karibu kila kitu kinachopita kitakuwa na mlango wake. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, lakini mpiga mizinga hana budi kushika manne, na hawezi kuyashika yote ikiwa yote yanadai kitu kimoja kwa wakati mmoja.

La pili ni mshale uliosahauliwa. Juzi niliketi nyuma ya mpwa wangu akicheza, nikaona jinsi mzinga unavyoharibika. Aliweka mshale uelekee kushoto, baruti ikageuka vizuri, ikaingia. Akafurahi, macho yake yakahamia upande wa pili wa ubao kutafuta tambara. Mshale ule ulibaki palepale, na baruti ya pili iliyokuwa ikija nyuma ya ile ya kwanza ikaufuata na kuingia katika mzinga uleule. Kazi yote ikaharibika, na ikabidi aanze kuiwinda ndoo ya maji. Kwa hiyo kipande kikishaingia, uondoe mshale wako au uugeuze hapohapo, kabla hujatazama kwingine. Mzinga unaongoja bado una faida, kwani unahitaji kipande kimoja tu ili usonge mbele, ilhali uliochafuka unadai usafishwe kwanza, ndipo uanze upya tangu baruti.

SWALI: Mhariri, mwanangu wa miaka tisa anaupenda mchezo huohuo lakini huchanganya mpangilio wa vitu. Nimsaidieje akariri?
Mama wa watoto wawili, Nakuru

JIBU: Mama, usimkaririshe, mweleze sababu, na mpangilio utamkaa wenyewe. Mizinga ya zamani, kama ile iliyoko Fort Jesus kule Mombasa, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ilijazwa kupitia mdomoni. Kilichotangulia kuingia ndicho kilichokaa ndani kabisa, wala hapakuwa na njia ya kukirekebisha bila kuondoa vilivyofuata. Baruti hutangulia kwa sababu ndiyo inayosukuma, na moto huwashwa upande wa nyuma. Tambara hushindiliwa ili kubana kilichomo, na mabaharia walilitumia pia kulizuia tufe lisibingirike na kutoka chombo kinapoyumba. Katika merikebu ya Kiingereza HMS Victory, iliyopigana katika vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805, tufe la mizinga mikubwa lilikuwa na uzito wa kama kilo 14.5, kwa hiyo mtoto ataelewa kwa nini lilihitaji kubanwa. Na maji? Baada ya kufyatua, mabaki yenye moto huweza kubaki ndani ya mzinga, na baruti mpya ikiyagusa hulipuka mikononi mwa wanaoujaza. Ndiyo maana waliusugua kwa sifongo iliyolowa kabla ya kuujaza tena. Mwonyeshe haya kwa chupa tupu, punje za mchele, kipande cha kitambaa na gololi, nami naamini hatasahau.

SWALI: Mimi ndiye nahodha, na wapiga mizinga wangu hulalamika kwamba ninapoteza kazi yao. Wana haki?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Huenda wanayo. Kila zamu ya vita ina hatua nne, na jahazi dogo hufyatua tufe moja tu kwa kila upande katika hatua moja, huku vyombo vikubwa vikiweza kufyatua mawili. Ukifyatua kwa kubahatisha, unamaliza matufe yaliyo katika ngama, yaani ghala la chini la chombo, na kuwarudisha wenzako kwenye mizinga mitupu wakati adui bado amejaza yake. Hesabu mizinga iliyo tayari kabla ya kupanga hatua zako, na ukiona imebaki mmoja, jiepushe na adui zamu moja ili wapate nafasi ya kujaza.