Zama iliamuliwa na farasi, si tembo
Kwa aliyeuliza Hannibal, jemadari wa Carthage (dola ya Afrika Kaskazini) na mshindi wa vita vya Cannae kule Italia (216 KK), alipigwaje na Scipio, jemadari wa Roma, katika vita vya Zama mwaka 202 KK: angalia wapandafarasi kwanza. Safari hii Wanumidia wa mfalme Masinissa, wapandafarasi wa Afrika Kaskazini, walikuwa upande wa Roma. Tembo 80 hivi wa Hannibal hawakufua dafu. Scipio alipanga vikosi vidogo kimoja nyuma ya kingine, akaacha vichochoro. Baadhi ya tembo wakapita humo, wengine wakashtuliwa na tarumbeta wakawavuruga wapandafarasi wa Hannibal mwenyewe. Hata hivyo mstari wake wa tatu, wakongwe wa vita vya Italia, ulikuwa bado imara. Ndipo Masinissa na Laelius, kamanda wa wapandafarasi wa Kirumi, waliokuwa wakiwafukuza wapandafarasi wa Carthage, wakarudi na kuwapiga wakongwe hao mgongoni, jambo ambalo Hannibal aliwafanyia Warumi kule Cannae.