Mshahara wa kwanza: si lazima utoe wote

Mdogo wangu, umeuliza kama mshahara wako wa kwanza uupeleke wote kanisani kuwa malimbuko, yaani sadaka ya mapato ya kwanza, ilhali kodi ya chumba imefika na mama anasubiri hela ya dawa. Mimi nasema hapana. Soma Kumbukumbu la Torati 26: Mwisraeli aliambiwa atie kapuni sehemu ya mazao ya kwanza, si shamba zima. Tena hakukabidhi kapu na kuondoka. Alisimulia alikotoka, baba aliyehamahama, utumwa wa Misri, kisha akafurahi pamoja na mgeni na Mlawi, mtu wa kabila lililohudumu katika ibada. Simulizi hiyo ndiyo wengi tunairuka.

Na katika Marko 7, Yesu aliwakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, huku wazazi wao wakikosa msaada. Dawa ya mama kwanza, basi.

Bibi yangu alikuwa akikata mkungu wa kwanza, anaufuta vumbi kwa kanga kuukuu, Jumapili unanadiwa nje ya kanisa. Mingine tulikula.

Tenga kiasi kabla hujagusa kingine, kitie kwenye bahasha, na nyuma yake andika ulikaa miezi mingapi bila kazi.