Kwenda Tanga na watoto wadogo: yaliyotushinda mara ya kwanza, yaliyotufaa mara ya pili

Mara ya kwanza tulipokwenda Tanga na watoto niliamka saa tisa usiku nikapika chai ya maziwa na chapati, nikahakikisha kila mtoto ameshiba kabla hajapanda gari. Nimelelewa hivyo, mtoto hasafiri na njaa. Binti yetu alikuwa na miaka minne, mdogo wake mwaka mmoja na nusu. Hatujafika Mlandizi, binti akanyamaza ghafla katikati ya wimbo. Siku hizi ule ukimya naujua. Kabla sijageuka kumtazama, chai yote ilikuwa kwenye gauni lake, kwenye kiti, na kwenye begi la nguo safi lililokuwa miguuni pake.

Tulisimama pembezoni mwa barabara. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita, kila likipita gari letu linatikisika, mtoto analia, mimi namvua nguo huku nimemziba na khanga. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha akaja na kopo la maji na kipande cha limao. "Pole, mwanangu. Mpe anuse hili. Maziwa na gari haviivi chungu kimoja." Akamshika mtoto kichwa mpaka akatulia, akakataa hata kuchukua hela ya mahindi. Yule mama alinifundisha zaidi ya yote niliyokuwa nimesoma kabla ya safari.

Tangu siku ile sihesabu safari ya watoto kwa kilomita. Kutoka Dar mpaka Tanga ni kilomita 350 hivi, na ukiwa na mwenzako tu unazimaliza kwa saa tano au sita. Ukiwa na watoto, kinachopanga safari ni usingizi wao, matumbo yao na haja zao. Ukivipangia hivyo vitatu, barabara inakwenda yenyewe. Mwezi wa sita mwaka huu tulirudi tena, safari hii na watoto watatu: binti sasa ana miaka sita, kaka yake mitatu, kitinda mimba miezi tisa. Tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, tukaingia Tanga saa sita mchana, hakuna aliyetapika.

Nianze na usingizi. Watoto walilala usiku na nguo za safari, suruali laini na fulana, hakuna pajama. Mizigo yote iliingia garini jioni. Alfajiri kazi ilikuwa moja tu, kuwabeba wakiwa wamelala na kuwafunga kwenye viti vyao. Taa za ndani ya gari tulizizima mapema ili mlango ukifunguliwa zisiwawakie usoni. Wawili hawakujua wametoka nyumbani mpaka jua lilipochomoza tukiwa tumeshaipita Bagamoyo.

Njia nayo tuliibadilisha. Sisi tunakaa upande wa Tegeta, lakini mara ya kwanza tulizungukia Chalinze kwa sababu ndiyo njia ya mabasi tuliyoizoea tangu utoto. Kama unakaa Bunju, Tegeta, Mbezi Beach au Mwenge, shika Bagamoyo kisha barabara ya Msata. Kipande cha Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64, lami nzuri, malori machache, na unakwepa foleni ya Kibaha na Mlandizi yote. Anayekaa Kimara au Mbezi ya Kimara sina haja ya kumshauri azunguke. Kwake Morogoro Road iko mlangoni, na kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa.

Chakula sasa. Kabla ya kuondoka hawakula chochote, na mtoto aliyelala haombi chakula. Tulisimama Msata saa moja asubuhi, tukatandika mkeka kwenye kivuli, wakala viazi vitamu vya kuchemsha, yai na ndizi mbivu. Vyakula vikavu vikavu, visivyo na mafuta. Mdogo alinyonya hapo hapo, gari likiwa limesimama, na nilimbeba wima dakika kumi na tano nzima kabla ya kumrudisha kwenye kiti. Maji ni kwa funda ndogo ndogo, si chupa nzima kwa mpigo. Juisi za paketi sikununua kabisa. Na simu nilizificha. Mtoto akiinamia kioo cha simu gari likipinda, macho yanamwambia ametulia na mwili unamwambia anakwenda, na hapo ndipo kichefuchefu kinapoanzia. Atazame mbele, mbali, dirisha liwe wazi kidogo. Binti tulimpa kazi ya kutafuta vibao vya majina ya vijiji na kuvisoma kwa sauti: Mbwewe, Mkata, Kabuku. Ndiyo kwanza ameanza kusoma, na kila alichofanikiwa kukisoma alishangilia hadi kaka yake akashangilia naye bila kujua kwa nini.

Hata hivyo nilikuwa na ndoo ndogo yenye mfuniko, ile ya kopo la rangi la lita nne, nimeisafisha na kuitandika mfuko ndani, iko kati ya miguu yangu. Mfuko mtupu unachanika na unavuja. Na nguo za kubadilisha za kila mtoto zilikuwa kwenye mfuko wake mwenyewe, juu kabisa ya mizigo, si ndani ya begi kubwa.

Poti la mtoto pia libebe. Najua linachukua nafasi. Lakini mtoto wa miaka mitatu akisema "mama, mkojo" ana dakika mbili, na kituo cha mafuta kiko kilomita thelathini mbele. Tena vyoo vingine vya njiani huwezi kumwingiza mtoto na ndala wazi. Sisi poti lilikaa nyuma ya gari pamoja na kopo la maji, sabuni ya kipande na karatasi za chooni, na tulilitumia mara nne. Kila tuliposimama, tulisimama mbali na lami, upande wa kushoto, na watoto walishukia mlango wa upande wa majani. Hilo halina majadiliano kwetu.

Hapa nataka niseme kwa uzito jambo la kiti cha mtoto. Nimesikia kina mama wengi, wa familia yangu mwenyewe wakiwamo, wakisema mikono ya mama ndiyo salama kuliko yote. Mimi pia nilimpakata mtoto wa pili kwenye siti ya mbele safari nzima ile ya kwanza, na nikikumbuka moyo unanienda mbio. Gari likigonga, hata kwenye mwendo wa hamsini tu, uzito wa mtoto unazidi nguvu za mikono yoyote. Humshiki. Na ukiwa umejifunga mkanda mmoja wewe na yeye, unamkandamiza kwa mwili wako. Kiti cha mtoto mchanga kinafungwa siti ya nyuma, kikitazama nyuma, ili mshtuko ukija mgongo wote uupokee na si shingo peke yake. Viti vilivyotumika vinauzwa mjini kwa bei nafuu, ila chunguza: plastiki isiwe na ufa, mikanda isiwe imechakaa, na muuzaji akiri kwamba hakijawahi kuwa kwenye ajali. Akisitasita, ondoka. Kama fedha inatosha kiti tu au hoteli nzuri tu, nunua kiti, mlale pa kawaida.

Baba yao ndiye aliyeendesha, na kazi yake ilikuwa kuendesha tu. Mara ya kwanza alikuwa akigeuka nyuma kila mtoto akilia. Safari hii tulikubaliana: kilio ni changu, barabara ni yake. Kwenye vijiji vya njia hii vibao vya 50 viko vingi, na askari wenye tochi za kupimia mwendo nao wapo. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, lakini mimi sitazami faini. Vijiji vile watoto wa watu wanavuka kwenda shule. Mteremko wa Wami nao tulikwenda polepole. Wanaokumbuka lile daraja jembamba la zamani, magari yakisubiriana upande huu na upande ule, watafurahi. Tangu 2022 mnapita daraja jipya la zaidi ya mita 500, na binti aliuona mto vizuri kabisa akiwa kwenye kiti chake.

Malazi. Mara ya kwanza tulifikia nyumba moja ya wageni tuliyoahidiwa kwenye simu kuwa ni "chumba cha familia". Tulikuta kitanda kimoja cha futi tano, chandarua chenye tundu la kupitisha ngumi, na ukutani upande wa pili kuna baa iliyopiga muziki hadi saa nane usiku. Tulilala wanne kitandani, au tuseme watoto walilala. Siku hizi napiga simu na maswali yangu: vitanda ni vingapi na vya futi ngapi? Chandarua kipo kwa kila kitanda? Jirani kuna ukumbi au baa? Jikoni wataniruhusu kuchemsha maji na uji wa mtoto? Naomba wanitumie picha ya chumba chenyewe. Na chandarua kidogo cha mtoto, kile cha kukunjua kama mwavuli, natoka nacho nyumbani hata wakiniapia kwamba vyandarua vipo. Tanga ni pwani, joto lipo na mbu wapo.

Kuna ule msemo wa Tanga, "waja leo waondoka leo." Na watoto wadogo msiufuate. Jumamosi na Jumapili peke yake ni kuwatesa, siku zote mbili zinaliwa na gari. Sisi tuliomba ruhusa kazini, tukaondoka Ijumaa, Jumamosi nzima tukabaki mjini, Jumapili tukarudi. Na siku hiyo ya mjini tulipanga jambo moja tu kubwa, asubuhi, kabla ya jua kali: mapango ya Amboni, kama kilomita nane kutoka mjini kwenye barabara ya kwenda Horohoro.

Amboni ni pazuri, lakini si kwa kila umri. Ndani ni giza, kuna popo, kuna sehemu unainama na sehemu unapenya kwa ubavu, na chini kunateleza. Mwongoza wageni anatangulia na tochi. Binti aliingia na mimi amevaa raba, ameshika tochi yake mwenyewe, akatoka anasimulia mawe yanayofanana na wanyama. Kaka yake alifika mlangoni, akasikia popo, akanikumbatia mguu. Hatukumlazimisha wala hatukumcheka. Alibaki nje na baba yake na mdogo wake chini ya miti, wakaokota mawe. Kugawana watoto namna hiyo kuliokoa siku nzima. Si lazima familia yote ione kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mchana walilala kwa muda wa saa mbili chumbani, mapazia yamefungwa, kama nyumbani. Usiuuze usingizi wa mchana kwa kutembelea sehemu ya pili, jioni utalipa. Walipoamka tulichukua bajaji kwenda bustani ya Jamhuri, tukakaa kutazama bahari na kisiwa cha Toten ng'ambo. Watoto wakahesabu baiskeli njiani hadi zikawashinda idadi, maana Tanga baiskeli ni nyingi kweli. Tulipokatiza Ngamiani, ambako mitaa inaitwa kwa namba, binti alikuwa akimuuliza dereva kila kona, "Anko, hii ya ngapi?" na dereva akimjibu kwa subira yote, ya nane, ya tisa, ya kumi. Hicho ndicho alichokisimulia shuleni Jumatatu, kabla hata ya mapango.

Kuogelea, uliza kwanza saa za maji kujaa. Sisi mara ya kwanza tulifika ufukweni maji yakiwa makavu, matope matupu na watoto wameshavaa nguo za kuogelea. Wavuvi na wenyeji wa Raskazone watakuambia saa bila hata kufikiri. Na hata maji yakiwa ya magotini, mtoto awe umbali wa mkono wako.

Kuhusu dawa sina mengi: paracetamol ya maji, pakiti za ORS za kumnywesha anayeharisha, kipimajoto na kadi za bima. Pampasi beba za siku zote tatu na nne za ziada.

Kurudi tuliondoka Tanga saa mbili asubuhi, kwa makusudi ya kufika kabla ya giza. Usiku njia ile ina malori mabovu yaliyoegeshwa bila taa, na onyo lenyewe ni matawi ya miti yaliyotupwa barabarani, unayaona ukiwa umeshayafikia. Muheza tulisimama kununua machungwa, ndio ulikuwa msimu, yule kijana akatujazia mfuko na mengine matatu ya nyongeza kwa ajili ya "wadogo zangu hawa". Tulikubaliana hayaliwi garini. Tuliyamenya Msata, pale pale kwenye kivuli chetu cha Ijumaa, binti akayagawa kipande kipande kwa zamu. Tulipofika Tegeta saa kumi jioni wa miaka mitatu alikuwa amelala, ganda la chungwa bado limekazwa ngumini. Baba yake alimbeba nalo hivyo hivyo hadi kitandani.