Riwaya ya karatasi za msalani
Je, riwaya ambayo mwandishi Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwenye karatasi za msalani ni Petals of Blood? Hapana, si hiyo. Aliyoiandika hivyo, akiwa katika gereza la Kamiti nchini Kenya, ni Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyochapishwa kwa Kigikuyu mwaka 1980. Petals of Blood ilitoka katikati ya 1977, ilhali yeye alikamatwa Desemba mwaka huo na kuachiliwa Desemba 1978. Mwenyewe alisimulia uandishi huo katika Detained, kitabu chake cha kumbukumbu za kifungoni, akieleza kuwa karatasi zile ngumu, zilizokuwa kero kwa mwili, ziliipokea kalamu vizuri. Ila kuandika kwake kwa Kigikuyu hakukuanzia gerezani, kwa kuwa tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilikuwa imekwisha kuigizwa katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ kabla hajakamatwa.