"Smart" ya Mmarekani na "smart" yetu

Jioni moja Karatu, tukiwa tumetoka kreta ya Ngorongoro, mgeni wangu Mmarekani aliniuliza habari za kijana aliyetuzibia pancha. Walikuwa wamepiga soga, akampenda, akawa na wazo la kumlipia ada ya chuo. "Is he smart?" akaniuliza. Nikamtazama kijana: ovaroli imeloa grisi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nikajibu kwa moyo mweupe, "Not really, but he works hard." Mgeni akanyamaza, kisha akaanza kuzungumzia mvua.

Usiku ule usingizi haukuja. Shuleni tulipofundishwa, smart alikuwa mwanafunzi aliyechomekea shati, kola safi, viatu vinang'aa. Kiingereza chetu kilitoka kwa Waingereza, ambao mpaka leo mtu mtanashati humwita smart. Kwa Mmarekani neno hilohilo ni akili kwanza. Kumbe nilikuwa nimesema kijana yule hana akili, yeye ambaye hupiga bei za vipuri kichwani kabla sijafungua kikokotoo cha simu!

Zamani sana neno hili lilihusu maumivu: kuchoma, kuwasha. Mpaka leo moshi ukikuingia machoni unaweza kusema "my eyes are smarting". Kutoka ukali wa maumivu likahamia kwenye wepesi, kisha ukali wa akili, na baadaye mavazi. Wala lisikushangaze, maana "kali" yetu imetembea njia hiyohiyo: pilipili kali, mkali wa hesabu, amepiga pamba kali. Simu tumeiita janja, na hapo tumefuata maana ya akili.

Kwa hiyo ukilisikia, angalia linasemwa juu ya nini. Umetoka kujibu swali gumu? Unasifiwa akili. Mwaliko umeandikwa "smart casual"? Hapo ni nguo: nadhifu, lakini suti na tai si lazima. Mzazi au bosi akikuambia "Don't get smart with me," usishukuru. Anakuonya kwamba unamjibu kijeuri. Hili la mwisho ndilo nawasisitizia sana waongoza watalii wanaoanza kazi, kwa sababu sauti inaweza kuwa ya upole na maneno yanafanana na sifa.

Kwenye barua ya kumpendekeza mtu, mimi silitumii kabisa. Kama ni akili naandika "intelligent" au "bright". Kama ni unadhifu, "neat" au "well dressed". Anayesoma barua hawezi kukuuliza ulimaanisha nini.

Asubuhi nilimfuata mgeni kwenye kifungua kinywa kabla hajamaliza chai, nikamweleza kwamba jana nilizungumzia ovaroli. Akaweka kikombe chini, akaomba kuona matokeo ya kijana ya kidato cha nne.