Akigonga kichwa, usiishie kuuliza kama amezimia

Huku kwetu Mtwara mtu akianguka na bodaboda au akigongana vichwa na mwenzake uwanjani, swali la kwanza utalisikia "kazimia?" na jibu likiwa hapana basi wanamkalisha kivulini, wanammwagia maji kichwani, baada ya muda "we vipi, uko fresh?" naye anajibu niko fresh, habari imeisha. Naomba leo tuliongelee hili maana nimeuguza mtu wa hali hiyo nyumbani kwangu na najua wengi linawapitia hawajui hata kama ni ugonjwa.

Ni mtikisiko wa ubongo. Hospitali utawasikia wanasema concussion, neno limetoka Kilatini, concutere, yaani kutikisa kwa nguvu. Ni kutikisika tu, sio lazima damu itoke wala fuvu lipasuke wala mtu azimie, na wengi wanaoupata hawazimii kabisa. Na wala sio ugonjwa wa juzi, al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, anatajwa kati ya watu wa mwanzo kabisa kuitenganisha hali hii na majeraha makubwa ya ubongo. Ubongo ni laini, umekaa ndani ya fuvu umezungukwa na majimaji, sasa chukua dafu lenye nyama laini ulitikise kwa nguvu, kifuu kiko vilevile ila ndani huko vurugu. Ndo maana hata ukivaa helmeti (na uvae, inakinga fuvu lisipasuke) bado ubongo unaweza kutikisika.

Mpwa wangu alikuwa anacheza ndondo pale Ufukoni, wakarukia kona wakagongana vichwa, akainuka, akacheza mpaka filimbi ya mwisho na watu wakampigia makofi. Tumepanda bajaji tunarudi ananiuliza "Mjomba, imeisha ngapi ngapi?" Nikamwambia mbili moja mmeshinda. Hatujafika sokoni, "Mjomba, imeisha ngapi ngapi?" sauti ileile, uso uleule. Aliporudia tena nikamwambia dereva geuza twende hospitali, maana goli la kwanza alifunga yeye mwenyewe na alikuwa halikumbuki.

Daktari akammulika macho, akamuuliza leo siku gani, akamtembeza kwenye mstari, akampima nguvu za mikono. Picha ya CT hakuona haja nayo, akatuelezea kwamba picha ile inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliopasuka, mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani. Hili lishikeni sana, kuna watu wanaambiwa "picha yako safi" halafu nyumbani wanaonekana wanadeka, kumbe kichwa kinawauma kweli.

Usiku ule bibi yetu alishika msimamo kwamba asilale, akilala hataamka, na wazee wengi huku wanaamini hivyo. Daktari alisema akishapimwa na kuonekana yuko sawa alale, usingizi unamsaidia, ila asilale peke yake, mtu mzima awe naye na amwamshe mara moja moja. Nilikuwa namwamsha namuuliza jina la mama yake, akijibu vizuri namwacha.

Siku moja mbili za mwanzo ni kupumzika, simu kidogo sana, jua kali hapana, kelele hapana, pombe hapana, pikipiki hapana. Baada ya hapo anaanza kutembeatembea taratibu, kikichachamaa kichwa anarudi nyuma kidogo. Ya maumivu ni parasetamo, yale ya kukimbilia duka la dawa kuchukua aspirini au diklofenaki siku hizo za mwanzo acheni, yanaweza kuzidisha damu kuvuja kama kuna mahali panavuja. Watu wazima wengi wanakaa sawa ndani ya wiki mbili, watoto inaweza kufika mwezi.

Sasa kuna jambo halisemwi sana, tabia inabadilika. Yule kijana ni mpole lakini wiki ile alikuwa anafoka kwa kitu kidogo, darasani ubao anauangalia haelewi, sauti ya redio inamkera. Mzazi usiseme ana kiburi, mwalimu usimchape, mpe muda na mpunguzie kazi za kuandika.

Hospitali haraka bila kusubiri kesho ukiona anatapika mara kwa mara, kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, degedege, anaongea kama amelewa, mkono au mguu umelegea, maji meupe yanatoka puani au sikioni, au unamwamsha haamki. Hapo ubongo unaweza kuwa unavuja damu na kila dakika ina thamani. Na aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au mkorosho mimi nasema aende tu hata kama anacheka, na msimnyanyue hovyohovyo, shingo nayo inaweza kuwa imeumia.

Kwa wenye bodaboda nawaomba kwa dhati, kijana akianguka msamehe hesabu ya siku kadhaa. Anarudi barabarani kichwa kinazunguka kwa sababu anaogopa kunyang'anywa pikipiki, akianguka tena kabla hajapona inakuwa mbaya zaidi. Vijana hasa, pigo la pili juu ya lile ambalo halijapona linaweza kuvimbisha ubongo na kuua, ni nadra ila lipo.

Na waandaaji wa ndondo, hili liko ndani ya uwezo wenu. Sheria za soka duniani zilianza majaribio ya kuruhusu timu kubadilisha mchezaji aliyetikisika ubongo nje ya idadi ya kawaida tangu 2021, na msimu wa 2024/25 ikaingizwa rasmi kwenye sheria kwa mashindano yanayotaka kuitumia. Iandikeni kwenye kanuni zenu kabla ligi haijaanza, aliyegonga kichwa na akaonyesha dalili yoyote anatoka, harudi siku hiyo, na timu yake inaingiza mwingine bila kuhesabiwa, hapo kocha hatakuwa na sababu ya kumng'ang'aniza abaki.